Usingoje Umeme Ndipo Ukereze



Ukitoka Kitale kwa gari, ukapita Kapenguria na Marich, mji wa kwanza wa Turkana utakaoufikia ni Kainuk. Tangu hapo mpaka Lokichar, na kuendelea hata Lodwar, utaona kando ya barabara kitu ambacho mgeni hukizoea upesi, nasi wenyeji tumekwisha kukizoea mno: magunia ya makaa yakingoja mnunuzi. Nyuma ya kila gunia pana mama aliyelisimamisha pale tangu alfajiri, na nyuma ya mama huyo pana mti uliokatwa. Mara nyingi mti wenyewe ni ewoi, yaani mgunga, ule ule ambao maganda yake huwalisha mbuzi wetu wakati wa kiangazi.

Nimeanza na makaa, ijapokuwa shauri langu la mwezi huu ni kukereza mbao, kwa sababu mambo haya mawili hayaachani. Mwenye shamba kwenye skimu ya kumwagilia maji hupata mavuno yake kwa msimu. Kati ya mtama uliokwisha kuuzwa na mtama ulio bado shambani pana miezi ambayo mtoto hudaiwa karo, mgonjwa hudaiwa nauli, na mfukoni hamna kitu. Hapo ndipo shoka linaposhikwa. Simlaumu aliyelishika. Lakini nauliza: je, gogo lile lile haliwezi kuleta fedha zaidi likigeuzwa kitu kuliko likigeuzwa majivu?

Naam, laweza. Na kazi mojawapo inayofaa mkulima asiye na mtaji ni kukereza. Vijana wengi wanaipenda, lakini karibu wote huniambia neno moja: "Tukipata mashine, tutaanza." Mimi nasema kinyume. Anza bila mashine. Jitengenezee kerezo la kukanyaga kwa mguu, ulilishe mti wa mathenge unaokuzibia mfereji, na mashine uifikirie mwaka wa pili au wa tatu, wakati kazi yenyewe itakapokuwa imekufundisha kama waihitaji au huihitaji.

Kwanza tuelewane maana. Kuchonga ni mti kukaa kimya nawe ukausogezea tezo. Kukereza ni kinyume chake: mti huzunguka, nawe huushikilia ukali wa patasi mahali pamoja, ukaula mti mpaka uwe mviringo. Watu wa Pwani wamekuwa na neno hili na kazi hii tangu zamani. Nguzo za vitanda vya samadari, na miguu ya viti vya kizamani vya Lamu na Unguja, zilikerezwa na mafundi ambao hawakujua umeme ni kitu gani. Na si Pwani tu. Huko Misri, kwenye kaburi la mtu aitwaye Petosiris, lililojengwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo, imechorwa picha ya watu wawili wakikereza: mmoja avuta kamba huku na huku kuuzungusha mti, mwenziwe ashika patasi. Na kule Uingereza, kwenye misitu ya wilaya ya Buckinghamshire, mafundi walikereza miguu ya viti kwa kerezo la mguu mpaka karibu katikati ya karne ya 20. Hawakuupeleka mti kiwandani. Walijenga kibanda porini, wakakereza mti ungali mbichi, kisha wakauza miguu kwa idadi kwa wenye viwanda vya viti mjini High Wycombe. Yaani gogo lilibaki msituni, na kilichobebwa ni bidhaa. Jambo hilo nitalirudia.

Hapa kwetu Turkana kuna ufundi mkubwa wa kuchonga. Ekicholong, kile kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, huchongwa kwa mkono kutoka kipande kimoja cha mti. Wengine wameniuliza kama kerezo litaweza kutengeneza ekicholong kwa haraka. Haliwezi, maana umbo lake si la mviringo. Na hata lingaliweza, ningalikushauri uwaachie wazee kazi yao. Wewe tengeneza vitu ambavyo leo vinaletwa Kainuk kwa lori kutoka Kitale na Eldoret.

Sasa habari ya mashine. Miaka michache iliyopita nilitembelea kikundi kimoja cha wakulima. Sitakitaja jina, wala sitamtaja aliyewapa mashine, maana alikuwa na nia njema. Nilikuta mashine nzuri ya chuma ya kukerezea imefunikwa turubai ndani ya ghala, juu yake mmewekwa magunia ya mbegu. Ilikuwa ya umeme wa nguvu ambao kijiji hakikuwa nao. Walijaribu jenereta, mafuta ya siku moja yalizidi bei ya vitu walivyotengeneza. Kisha patasi moja ilivunjika, na ya badala yake haikupatikana karibu. Lakini kilichonisikitisha zaidi si hasara hiyo. Ni kwamba katika watu wote wa kikundi hakuna hata mmoja aliyekuwa amejifunza kukereza, kwa kuwa kila mtu alikuwa akingoja mashine iwake. Miaka miwili ilipita hivyo.

Nasi tunajua jinsi umeme ulivyo. Bwawa la Turkwel li karibu na Kainuk, nalo limekuwa likitoa umeme tangu mwaka 1991. Nguzo kubwa zinabeba nguvu hiyo mpaka Lessos, mbali kule juu. Mwenye shamba asimame chini ya waya hizo akazitazama, shambani kwake hazimwashii hata taa. Siku umeme utakapofika kwenye mlango wako, karibu sana. Lakini usiufanye kuwa sababu ya kukaa.

Tuje kwenye mti. Watu wa skimu hawana haja ya kufundishwa mathenge ni nini. Waturkana huuita etirae. Uliletwa Kenya kwa nia ya kuzuia jangwa na kupata kuni, na katika miaka ya 1980 ukapandwa sana katika nchi kavu, Turkana ikiwamo. Kisha mti ukafanya ulivyotaka. Leo, tangu mashamba ya Katilu kuteremka na mto Turkwel mpaka Lodwar, na hata huko Kakuma, umefunga njia za mbuzi, umeziba mifereji, na miiba yake hutoboa matairi na miguu. Kule Baringo wananchi waliishitaki Serikali kwa ajili ya mti huu, wakampeleka mahakamani mbuzi ambaye meno yake yalikuwa yameharibika kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu baya.

Lakini uliza fundi yeyote aliyeukereza, atakwambia kwamba ndani ya mti huu mbaya mna ubao mwema sana. Kiini chake ni chekundu cha kuelekea kahawia, kizito, kigumu, na kikisuguliwa hung'aa. Tena una sifa moja ambayo miti mingi haina: hunywea kidogo sana unapokauka, na hunywea karibu sawasawa pande zote. Mti wa namna nyingine ukikerezwa mviringo mbichi, ukikauka huwa kama yai. Mathenge hubaki karibu na mviringo wake. Ila ule weupe wa nje, chini ya ganda, hupendwa na wadudu watoboao mbao; basi kwa kitu cha kuuza uondoe mweupe, ubaki na kiini.

Kasoro yake ni kwamba haupatikani mrefu ulionyooka. Mwenye kutaka mbao za paa atalia. Lakini mkerezaji hataki urefu. Ataka vipande vya sentimita 30, 40, mwisho 60, na vipande hivyo hata katika mathenge iliyopinda kama nyoka havikosekani.

Sitaki mtu asome makala haya kisha akaenda kukata ewoi, au edapal, au mti wowote wa kando ya mto. Wajua mwenyewe kwamba miti ya mtoni ina wenyewe. Kila ekwar ina ukoo wake, na haki hiyo ilikuwapo kabla ya ofisi yoyote kujengwa Lodwar. Ukikata mti katika ekwar ya mtu umechokoza kesi ya wazee, na utashindwa. Mathenge iliyo kwenye mfereji wako na mpakani mwa shamba lako yatosha. Na ikiwa wataka kukata kwingine, au kusafirisha magogo kwa gari, mwone kwanza afisa wa Misitu, maana askari wa barabarani hataki hadithi, ataka karatasi.

Wachongaji wa Ukambani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliuleta ufundi wa kuchonga vinyago baada ya vita vya 1914–1918, na kazi hiyo ikakua mpaka ikalisha maelfu ya nyumba. Walikuwa wakitumia mpingo na muhugu. Miti hiyo ikakatwa, ikakatwa, mpaka fundi akawa hana budi kwenda mbali zaidi kila mwaka, na kulipa zaidi. Mwishowe wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ambayo imepandwa na watu na ambayo haijapungua. Sisi tuna bahati ya kuanzia pale wao walipoishia: tunaanza na mti ambao kila mtu anatamani upungue.

Sasa shika kalamu, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kerezo la mguu ni hivi. Chukua boriti mbili nzito za urefu wa mita moja na robo hivi. Zilaze sambamba, ukiacha nafasi ya vidole vitatu katikati yake, uzifunge juu ya miguu imara iliyochimbiwa ardhini. Katika ile nafasi simamisha vigingi viwili vinene vya mti. Kimoja hakisogei. Cha pili husogezwa huku na huku kufuata urefu wa kazi, kisha hukazwa kwa kabari chini ya boriti. Kila kigingi kitiwe ncha ya chuma, zote mbili zikitazamana barabara. Bolti iliyonolewa yatosha. Bolti ya kile kigingi kisogeacho ipite ndani ya nati iliyokazwa kwenye mti, ili uizungushe kidogo kidogo kukaza kazi yako. Ncha ziwe kwenye kimo cha kiwiko chako. Zikiwa chini ya hapo mgongo utakushitaki kabla ya jua kutua, na watu wengi huiacha kazi hii kwa ajili ya mgongo, si kwa ajili ya ugumu wake.

Mbele ya vigingi funga ubao wa kuegemezea patasi, karibu na kazi lakini usiiguse. Chini weka kikanyagio, ubao mrefu uliofungwa upande mmoja kwa kamba au bawaba ili upande wa pili upande na kushuka. Kamba yatoka kwenye kikanyagio, yapanda mpaka kwenye kazi, yaizunguka mara mbili, kisha yaendelea juu mpaka kwenye kitu cha kuivuta irudi. Watu wa zamani walitumia ufito mrefu unaopindika kama upinde. Sisi tuna kitu rahisi zaidi: mpira wa tyubu kuukuu ya gari. Ukate vipande virefu, uvifunge baina ya nguzo mbili juu ya kichwa chako, na kamba ufunge katikati. Ukikanyaga, kazi yazunguka kuja kwako. Ukiinua mguu, mpira waivuta irudi.

Angalia sana jinsi kamba inavyozunguka, maana hapa wote hukosea siku ya kwanza. Kamba inayoshuka kwenye kikanyagio ishuke upande wa kwako, wewe unayesimama, si upande wa nyuma. Ikiwa hivyo, unapokanyaga, uso wa mti ulio mbele yako hushuka chini kuukuta ukali wa patasi. Ukiifunga kinyume, mti utapanda juu, na patasi haitakata chochote ila hasira yako.

Wakata wakati wa kukanyaga tu. Mguu ukipanda, vuta patasi nyuma kidogo, unene wa ukucha tu. Kanyaga, kata, inua, vuta. Siku mbili za kwanza mguu na mkono hugombana. Siku ya tatu hupatana, na baada ya hapo hutakumbuka ulikuwa unahangaika na nini. Pumzisha mguu mmoja kwa kuubadili na wa pili, usije ukawa na paja moja la mpanda baiskeli.

Patasi za kuanzia ni tatu: moja iliyokunjwa kama mfereji, ya kuondolea mti mwingi, moja bapa yenye ukali wa mshazari, ya kulainishia, na moja nyembamba ya kukatia mwisho wa kazi. Mhunzi anayejua kazi yake aweza kuzifua kutoka springi ya gari. Mwambie azitie ugumu kisha azipunguzie ugumu huo kwa moto mdogo, zisiwe za kuvunjika. Lakini usikubali patasi iliyotengenezwa kwa kunoa tupa kuukuu tu. Chuma cha tupa ni kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Kwa kerezo la mguu labda itakukata kidole. Kwa mashine ya umeme kipande chake chaweza kukupiga jicho. Mpini wa patasi uwe mrefu, uufikishe chini ya kwapa, nao utaukereza mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Kata mathenge asubuhi, ukereze siku hiyo hiyo au kesho yake. Mti mbichi hukatika kama muhogo. Ukikauka huwa kama mfupa. Vaa viatu vizito unapoukata, na uangalie miiba, maana kidonda chake huvimba. Usiupasue kwa msumeno. Upasue kwa shoka na kabari, ili ufa ufuate nyuzi za mti wenyewe. Kipande kilichopasuliwa namna hiyo hakivunjiki kwa urahisi, na hii ndiyo sababu mpini wa fundi hushinda mpini wa dukani. Chonga pembe zake kwa panga au tezo mpaka kielekee mviringo, tafuta katikati ya kila upande, toboa kidogo, tia tone la mafuta, kisha ukipandishe baina ya ncha mbili.

Baada ya mipini ya patasi, kereza kisukumio cha chapati. Wengi watacheka: kazi yote hii kwa kisukumio? Sikiliza. Kisukumio hufundisha jambo gumu kuliko yote, yaani kuufanya mti uwe sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Tena kila hoteli ya barabarani yakihitaji, na Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, pamekuwa soko kubwa lenye watu wa mataifa mengi wenye mapishi ya namna nyingi. Baada ya hapo, mchi wa kutwangia viungo. Kisha miguu ya vigoda.

Kuhusu kigoda nitasema kidogo zaidi, maana hapo ndipo fedha ilipo. Fanya cha miguu mitatu, si minne. Miguu mitatu haiyumbi hata juu ya sakafu ya udongo. Miguu ikaushe sana, hata kuiweka juu ya meko ambapo joto hufika bila moto. Kiti chenyewe, yaani ubao wa kukalia, uache uwe na unyevu kidogo bado. Toboa matundu, gonga miguu iingie kwa nguvu. Kiti kikiendelea kukauka hubana, na mguu mkavu ukipata unyevu hujaa. Hakuna gundi wala msumari, na kigoda kitakuzidi umri.

Adui wa kazi hii huku kwetu ni upepo. Mnajua upepo wa Turkana mchana. Hukausha nguo kabla hujamaliza kuanika ya pili. Mti mbichi ukiachwa ndani ya upepo ule hukauka nje kabla ya ndani, ukapasuka kutoka ncha hadi ncha, nami nimewahi kupoteza kazi ya juma zima kwa njia hiyo kwa sababu ya uvivu wa kutafuta gunia. Basi fanya hivi. Magogo yasiyokerezwa yapake samadi au nta kwenye ncha zake, uyaweke kivulini, yasiguse ardhi. Vitu vinene, kama bakuli au kinu kidogo, vikereze kwanza vikiwa vinene kupita unavyotaka, kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya upana wake. Vifukie ndani ya gunia pamoja na takataka zake za kukerezea. Kila baada ya siku chache pima kimoja kwenye mizani ya duka. Siku uzito utakapoacha kupungua, kimekauka. Kirudishe kwenye kerezo ukimalize.

Kwa kung'arisha, nta ya nyuki yatosha. Igusishe kwenye kazi inapozunguka, kisha ibane kwa kitambaa. Nta nzuri hupatikana kwa warina asali wa Pokot. Najua vizuri habari za wizi wa mifugo na watu waliokufa kwenye barabara ile ya Marich, wala sitasema ati donge la nta litaleta amani. Nasema tu kwamba siku ya soko Kainuk, siku zilizo njema, pande zote mbili huja kuuza, na mkerezaji ana sababu moja zaidi ya kutaka siku njema ziwe nyingi.

Sasa hesabu. Sitakuandikia bei, maana bei ya Kainuk si ya Kakuma, na ya leo si ya mwezi ujao. Fanya hesabu mwenyewe namna hii. Chukua kigogo kimoja cha mathenge. Uliza kingetoa makaa kiasi gani, na makaa hayo yangeuzwa shilingi ngapi barabarani. Kisha uliza dukani kisukumio kimoja chauzwa kiasi gani, na kigogo kile kingetoa visukumio vingapi. Toa saa zako za kazi, kwa kadiri unavyomlipa kibarua wa kupalilia. Toa nauli. Ukiona faida ni kubwa, endelea. Ukiona ni ndogo, usidanganywe na gazeti, hata hili. Mimi nimeifanya hesabu hiyo kwa watu kadhaa, nami ndiyo sababu naandika. Kumbuka wale Waingereza wa msituni: mfuko mmoja wa visukumio hupandishwa juu ya basi, magogo yake yangehitaji lori.

Kuna mzee mmoja aliniambia, "Bwana, mkianza kupata fedha kwa mathenge, watu wataupanda zaidi." Ni neno la haki, wala silipuuzi. Lakini nani ataupanda mti ambao hujipanda wenyewe, na ambao hakuna anayehitaji kwenda hatua mia kuutafuta? Hatari ninayoiona mimi ni nyingine: kwamba watu watakata shina wanalolipenda na kuacha kisiki. Kisiki cha mathenge huchipua matawi kumi mahali pa moja. Basi ukikata, chimba. Ukate mzizi chini ya udongo, kina cha kiganja au zaidi, ndipo utakuwa umesaidia mfereji. Wala nisikudanganye: makerezo hata mia hayatamaliza mathenge ya Turkana. Kazi ya kung'oa itabaki ni ya wote. Kerezo litafanya tu kwamba yule anayeng'oa aambulie kitu.

Na mashine? Ukiwa umekwisha kukereza mwaka mzima, na wanunuzi wakakungoja wewe badala ya wewe kuwangoja wao, hapo itazame. Nunueni kwa kikundi, mahali penye umeme kweli. Usifunge mashine kwenye injini ya pampu ya shamba, kama nilivyoona vijana wakijaribu: haina namna ya kusimama mara moja, na mkono wa mtu husimama haraka kuliko injini. Shuka, mikono mirefu ya shati, na shanga za shingoni, vyote viwekwe kando kabla ya kuwasha. Macho yafunikwe. Zungusha kazi kwa mkono mara moja kuona haigongi popote. Na kazi pana huzungushwa polepole: upana wa inchi kumi, mizunguko 600 mpaka 900 kwa dakika, isizidi. Aliyeanza na kerezo la mguu huyafahamu mambo haya mwilini, kwa maana lile humwonya taratibu, mashine haionyi.

Mtama ukishavunwa, kabla ya maji kufunguliwa tena, mifereji itasafishwa. Siku hiyo, wenzako wanapolundika mathenge ili waichome moto, wewe nenda na shoka na kamba. Chagua vipande ishirini vilivyonyooka, unene wa mkono. Vipake samadi kwenye ncha jioni ile ile, kisha umtafute mwenye tyubu kuukuu.